Alama ya Kati katika Mshororo wa Shairi

Katika uchambuzi wa ushairi wa Kiswahili, alama inayoonyesha kati ya mshororo hupuuzwa mara nyingi, kana kwamba ni pambo la mpiga chapa tu. Makala haya yanakusudia kueleza maana yake, na hatari ya kuitumia bila ya kupambanua.

Kwa kawaida, mshororo wa shairi la tarbia una mizani 16, nao hugawanyika vipande viwili vya mizani 8: ukwapi na utao. Mwisho wa ukwapi ndipo kilipo kina cha kati, na ndipo mwimbaji anapopumzika. Mgawo huu, basi, ni wa sauti kwanza. Wala kati hiyo si lazima iwe nusu kamili kwa hesabu: katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshororo una mizani 10, na pumziko huja baada ya mizani ya 6.

Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande vilitengwa kwa alama maalumu au kwa nafasi tupu. Zilipoenea hati za Kirumi, wahariri wengi walichagua mkato. Hapo ndipo utata ulipozuka, kwani mkato una kazi nyingine katika nathari, nayo ni kutenga maana. Tuchukue mshororo huu, tuliotunga kwa ajili ya mfano:

Wazee waliokuja, jana walituusia.

Tukiusoma mkato huu kama wa nathari, jana ni siku ya wasia. Tukiusoma kama alama ya kina, hausemi lolote juu ya maana: yawezekana jana ndiyo siku waliyokuja wazee. Mwanafunzi aliyezoea nathari hukata maneno mahali ambapo mtunzi aliyaunganisha, na mfasiri humfuata katika upotofu huo.

Kwa hiyo yafaa wahakiki, wanapohariri miswada, watumie mkwaju kuonyesha mpaka wa vipande, na mkato wauache kwa ajili ya maana:

Wazee waliokuja / jana walituusia.

Hapo msomaji ataujua mpaka wa sauti, na maana ataitafuta katika muktadha wa ubeti mzima, badala ya kuamuliwa na mhariri. Pale ambapo mtunzi mwenyewe aliweka mkato, ubakizwe, na mhariri abainishe alama ipi ni ya mtunzi na ipi ni yake.