Siri ya Mgonjwa Ikae Wapi Ndani ya Simu?

Mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera, ugonjwa wenyewe vijijini ulikuwa ukiitwa Juliana. Siku hizo siri ya mgonjwa ilikaa kifuani mwa mganga na katika jalada lililofungiwa kabatini. Leo mkazi wa Kishanda anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo huibeba siri hiyohiyo mfukoni, ndani ya simu: picha ya kadi ya CTC, majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, ujumbe wa kukumbushwa tarehe ya dawa, pengine na picha ya kitambulisho cha NIDA. Si ajabu basi kwamba katika vyumba vya ushauri tunaulizwa: daktari, vitu hivi nivihifadhi wapi?

Kabla ya kujibu, humuuliza mgonjwa anamficha nani. Wengi hudhani adui ni mdukuzi aliye ng'ambo. Yupo, na habari zake si hadithi. Januari 2019 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zilikuwa zimevujishwa mtandaoni. Nchini Finland, mwaka 2020, wagonjwa wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo walipokea barua pepe za kudaiwa fedha, la sivyo mazungumzo yao na watabibu yangeanikwa hadharani. Hata hivyo, taarifa hizo zilitoka katika hifadhi za taasisi. Simu ya mgonjwa wetu huzungukwa na hatari za karibu zaidi: mtoto anayeiazima kuchezea, shemeji anayetazama picha za harusi na kidole chake kikapitiliza, fundi wa simu anayeachiwa kifaa kutwa nzima pamoja na namba yake ya siri.

Kwa hatari za namna hiyo, njia inayopendwa kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote, yaani kupiga picha ya kadi na kuiacha kati ya picha nyingine. Kujitumia picha hiyo kwa WhatsApp hakuiboreshi sana. Ni kweli ujumbe husimbwa njiani, asiweze kuusoma mtu wa kati. Lakini ukishafika, yeyote aliyeishika simu ikiwa wazi huuona, na mara nyingi picha zinazopokelewa hujihifadhi zenyewe miongoni mwa picha za simu. Nakala rudufu inayopelekwa mtandaoni nayo haipati ulinzi huohuo mpaka mwenye simu awashe usimbaji wake katika mipangilio, jambo lililowezekana tangu mwaka 2021. Kadi ya kumbukumbu ni mbaya zaidi. Simu mpya zilizotoka na mfumo wa Android toleo la 10, la mwaka 2019, na yaliyofuata, husimba hifadhi yake ya ndani, ila kadi hiyo kwa kawaida haisimbwi: ukiichomoa na kuichomeka kwenye simu nyingine, kila kitu kinasomeka.

Ninachopendekeza kwa wengi ni folda iliyofungwa kwa namba ya siri yake yenyewe, tofauti na ile ya kufungulia simu. Simu nyingi huja nayo, na haihitaji bando. Picha ikishahamishiwa humo, lifunguliwe pia pipa la taka la simu, kwa sababu picha zilizofutwa huweza kukaa humo kwa wiki kadhaa. Folda hiyo ina ukali wake: ukisahau namba, au simu ikizama ziwani, vilivyomo huenda visirudi tena. Kwa hiyo iwepo nakala ya pili nje ya simu. Hifadhi ya mtandaoni inafaa, mradi akaunti iwe na nywila ndefu isiyotumika kwingine na uthibitisho wa hatua mbili. Asiye na akaunti asione haya kutunza karatasi kwa mtu mmoja anayemwamini, katika nyumba nyingine. Waliopitia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 hapa Bukoba wanajua kwa nini ninasema nyumba nyingine.

Kuna upande wa pili ambao sisi madaktari hukutana nao usiku. Usiri uliozidi nao hudhuru. Mtu anayetumia dolutegravir akiugua kifua kikuu, dawa ya rifampicin hupunguza kiwango cha dolutegravir mwilini, na kwa kawaida huhitaji kuongezewa dozi ya pili kwa siku. Akifika hospitali asikozoeleka, amefuta kila kitu na kadi ameificha juu ya dari, anayemtibu hatalijua hilo. Basi taarifa zigawanywe. Mzio wa penisilini, kisukari, selimundu na namba ya ndugu wa kupigiwa ziwekwe katika taarifa za dharura zinazoonekana hata simu ikiwa imefungwa. Vingine vibaki kwenye folda, na mtu mmoja tu ajue namna ya kuifungua. Mtu huyo achaguliwe na mgonjwa mwenyewe; si lazima awe mume au mke, na mhudumu asimchagulie.

Kwa wahudumu wenzangu sina maneno laini. Kupiga picha ukurasa wa rejesta na kuurusha kwenye kundi la kazini ni kumwaga siri za watu ishirini ili kutatua tatizo la mmoja. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukihitaji ushauri wa bingwa, ziba jina, namba ya jalada na uso, mtumie yeye peke yake, kisha ufute pande zote mbili. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza picha yake inapelekwa kwa nani, na anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Simu ikienda kwa fundi, toa kwanza laini na kadi ya kumbukumbu. Akisema anahitaji namba ya siri, subiri palepale hadi amalize.