Gurami kibete: Mpole kwa wageni, mkali kwa ndugu yake

Na Mwandishi Wetu

NI nadra mtu kuingia katika duka la samaki wa mapambo akampita gurami kibete bila kusimama. Dume wa samaki huyu, mwenye urefu wa takribani sentimeta saba, ana michirizi ya buluu inayong'aa juu ya wekundu uliokolea, na huogelea kwa madaha huku akipapasa kila kilicho mbele yake kwa nyuzi mbili ndefu zinazoning'inia chini ya kifua. Muuzaji akiulizwa kuhusu tabia yake, hujibu kwamba ni mpole. Mnunuzi, akiwa amekwisha kutekwa na rangi, huondoka na wawili.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Baada ya wiki mbili au tatu, mmoja huonekana amejibanza kwenye kona nyuma ya chujio, rangi imefifia, mapezi yamechanika na chakula hagusi. Akifa, mwenye tangi hulaumu maji, hulaumu chakula, hulaumu duka. Mara nyingi muuaji yumo humo humo tangini, angali akiogelea kwa madaha yale yale.

Si kwamba muuzaji alidanganya. Alisema nusu ya ukweli. Gurami kibete ni mpole, tena mwoga, mbele ya samaki wa aina nyingine. Ukali wake huuweka kwa dume mwenzake.

Sababu ya tabia hiyo iko huko alikotoka. Samaki huyu, ambaye wanasayansi humwita Trichogaster lalius na ambaye vitabu vya zamani vilimwita Colisa lalia, ni mwenyeji wa India, Pakistan na Bangladesh. Francis Hamilton, daktari kutoka Scotland, alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1822 katika kitabu chake cha samaki wa mto Ganges. Huishi katika maji yaendayo polepole yaliyosongwa na mimea, ambako hewa ya oksijeni ni haba. Kwa ajili hiyo ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama tuvutavyo sisi. Umeme ukikatika usiku kucha na pampu ikanyamaza, yeye huwa miongoni mwa wanaostahimili. Kwa sababu hiyo hiyo, kifuniko cha tangi kisiguse maji. Aachiwe nafasi ya kupumua.

Wakati wa kuzaana, dume hujitwalia eneo chini ya mimea inayoelea na kujenga kiota cha mapovu alichokiimarisha kwa vipande vya majani. Jike akishataga, dume hubaki mlinzi, na humfukuza kila anayekaribia, hata jike mwenyewe. Mtoni hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa anayeshindwa huogelea akaenda zake. Katika tangi lenye urefu wa sentimeta 60 hana pa kwenda. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hili lina kuta za kioo.

Biashara nayo inazidisha tatizo. Jike wa gurami kibete ni wa rangi ya fedha iliyopauka, na wateja wachache humtazama. Hivyo maduka mengi huuza madume watupu, wakiwamo wale waliozalishwa na binadamu hadi wakawa buluu mwili mzima au wekundu kama makaa. Anayetaka "jozi" huweza kuuziwa madume wawili wa rangi tofauti akidhani mmoja ni jike. Njia nzuri ya kuwatambua ni pezi la mgongoni: la dume huchongoka kwa nyuma, la jike huwa la mviringo.

Kwa tangi la kawaida la nyumbani, la lita 60 hivi, ushauri wa busara ni dume mmoja tu. Hatasononeka kwa upweke, kwani si samaki wa kundi. Mwenye tangi kubwa zaidi anaweza kumwongezea majike wawili, mradi mimea iwe mingi kiasi cha kumwezesha mnyonge kujificha asionekane.

Majirani wanaomfaa ni wadogo na watulivu: neon tetra, rasbora na kambare wadogo wa jamii ya Corydoras, ambao hukaa chini na hawana ugomvi naye. Asiwekwe pamoja na betta, yule samaki mpiganaji. Wote wawili hujenga viota vya mapovu juu ya maji na kila mmoja humwona mwenzake kuwa mvamizi. Wenye tabia ya kung'ata mapezi, kama baabu milia, watamkata nyuzi zake.

Wapo pia wanaotaka kumchanganya na samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa au Tanganyika, ambao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwa ajili ya mapambo. Hilo halifai hata kidogo. Wengi wa samaki hao ni wagomvi, na wamezoea maji magumu ambayo kipimo chake cha pH katika Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Gurami hupendelea maji laini ya pH kati ya 6 na 7.5, yenye joto la nyuzi 25 hadi 28.

Jambo la mwisho ni maradhi. Gurami kibete wa kufugwa husumbuliwa na kirusi cha jamii ya iridovirusi ambacho hakina tiba. Samaki huacha kula, hupoteza rangi na huweza kutokwa na vidonda. Dalili za mwanzo hufanana sana na zile za samaki anayeonewa, kwa hiyo ni vyema mgeni atengwe kwa wiki kadhaa kabla ya kuingizwa tangini.

Kwa aliyekwisha kununua madume wawili, tangi la pili ndilo suluhisho. Kupanga upya mawe na mimea huleta amani ya siku chache tu. Baadhi ya maduka hukubali kumpokea samaki aliyerudishwa akiwa bado na afya; ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa.