UTUPA: DAWA YA UTITIRI SHAMBANI, SUMU YA SAMAKI ZIWANI

Wakulima wa mboga wa Ujiji, bonde la Mto Luiche na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika wanakumbushwa matumizi yaliyo salama ya utupa katika kupambana na utitiri.

Utitiri si mdudu wa kawaida, bali ni jamaa ya buibui, mwenye miguu minane, tena mdogo mno hata ni shida kumwona kwa macho matupu. Hukaa upande wa chini wa jani la nyanya au bilinganya akalifyonza, jani likaingia madoadoa, likageuka manjano na hatimaye kukauka. Huzaana kwa haraka sana wakati wa kiangazi. Dawa nyingi za kuulia wadudu hazimwangamizi, bali huwaua maadui wake wa asili, naye akazidi kuongezeka.

Majani ya utupa yana sumu iitwayo rotenoni, ambayo huuzuia mwili wa kiumbe kuitumia hewa. Majani hayo hutwangwa, huloweshwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, kisha hutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike. Inyunyizwe jioni, kwa kuwa jua huipunguza nguvu, na ielekezwe chini ya majani. Irudiwe baada ya wiki moja, kwani mayai yaliyosalia huwa yamekwisha anguliwa.

Hata hivyo, sumu hiyo hiyo humwingia samaki kwa matamvua na kumwua. Ndiyo maana tangu zamani utupa umetumika kuvulia, na ndiyo maana uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa kuwa huua wakubwa na wachanga pamoja. Mkulima asiyekusudia kuvua aweza kuleta madhara yale yale kwa kuosha bomba lake mtoni.

Hivyo basi, inapasa:

(a) Kutwanga na kuchuja mbali na mto, kisima na ziwa.

(b) Kumwaga masazo na maji ya kuoshea vyombo katika shimo lililochimbwa shambani.

(c) Kutonyunyiza mvua inapokaribia.

(d) Kufunika pua na mdomo, na kunawa kwa sabuni baada ya kazi.

(e) Kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna, na kuosha mboga vyema.

Kwa mashamba yaliyo kandokando ya maji, ni bora kutumia mbegu za mwarobaini zilizosagwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Nazo pia zisimwagwe majini.

Nyanya na dagaa hupikwa katika chungu kimoja. Si busara kuokoa kimoja kwa kuangamiza kingine. Kwa maelezo zaidi, mwoneni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu.