Lenzi Ndefu au Kiungo cha Kukuza?

Vijana wetu wanaopiga picha za ndoa na za Komunyo ya kwanza hutuuliza: ili kuvuta kilicho mbali, tununue lenzi ndefu ya zumu, au telekonvata, yaani kile kiungo kifupi chenye vioo kinachotiwa kati ya kamera na lenzi? Kiungo ni chepesi, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Lakini wahenga walisema: rahisi ghali.

Kiungo cha 1.4 hugeuza milimita 200 kuwa 280, nacho hula nusu ya mwanga. Kile cha 2 hutoa milimita 400, kikabakiza robo tu. Hivyo lenzi ya f/2.8 huwa f/5.6, nayo bado yafaa. Bali lenzi ya f/5.6 huwa f/11, na hapo kamera nyingi za zamani hushindwa kulenga zenyewe. Tena, kila kasoro ya lenzi hukuzwa pamoja na picha.

Basi, mwenye lenzi ya f/2.8 na atumie kiungo kinachoikubali, nje penye jua. Mwenye lenzi hafifu aweke akiba, anunue zumu inayofika mbali yenyewe. Kanisani, penye mwanga haba, kiungo kibaki mfukoni. Mpiga picha aombe ruhusa ya padri, asogee karibu kwa heshima. Maana picha ya maarusi ikitoka na ukungu, siku ile hairudi tena.