Mchezo wa Ngumi: Kupiga na Kujikinga

Katika miji ya Thika na Ruiru, iliyozungukwa na mashamba ya kahawa na ya mananasi, vijana wenye nguvu si haba. Ruiru ndiko kuliko na chuo cha kuwafunzia askari wa Magereza, na Magereza ni miongoni mwa vikosi vya Kenya vilivyotoa mabondia. Lakini nguvu peke yake haimfanyi mtu kuwa bondia. Wahenga walisema, "Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe."

Kusudi la pambano la mazoezi si kumwangusha mwenzako, bali ni kujifunza naye. Ndiyo sababu watu wazima wengi huvaa glavu nene za aunsi 16, pamoja na kofia ya kukinga kichwa na kinga ya meno.

Jambo la kwanza ni namna ya kusimama. Atumiaye mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, magoti yakilegea kidogo, kidevu kikiinamishwa, na mikono yote miwili ikiwa juu karibu na mashavu. Aendapo mbele hutanguliza mguu wa mbele; arudipo nyuma huanza na wa nyuma. Asipishanishe miguu kamwe, kwa maana aliyepishanisha miguu huangushwa hata na ngumi hafifu.

Ngumi iliyo mama wa nyingine zote ni ile ya kunyosha ya mkono wa mbele. Hiyo hupima umbali, humsumbua adui na kuufungulia njia mkono wa nyuma wenye nguvu. Kila ngumi ikiisha kutoka, hairuhusiwi kuzembea. Yapasa irudi upesi shavuni. Wengi hupigwa wakati ule ule wanapopiga, kwa kuwa mkono wao umechelewa kurudi.

Njia za kujikinga ni nne: kuzuia kwa glavu, kuisukuma kando ngumi ijayo, kukwepesha kichwa, na kurudi nyuma hatua moja. Lakini kujikinga tu hakuleti ushindi. Mara adui akosapo, ndipo kifua au shavu lake li wazi, nawe umjibu papo hapo. Mrefu na apigane kwa mbali. Mfupi na aingie ndani chini ya mikono ya mrefu, akaupige mwili.

Ubora wa akili kuliko nguvu ulionekana wazi kwa Philip Waruinge wa Nakuru. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata medali ya shaba tu, lakini yeye ndiye aliyetunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ustadi kuliko wote. Mwaka 1972 huko Munich alipata ya fedha.

Tena kuna habari ya Robert Wangila. Mwaka 1988 huko Seoul aliipatia Kenya medali ya dhahabu ya ngumi, ya kwanza kupatikana nje ya riadha. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa, na mwaka 1994 alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata ulingoni mjini Las Vegas. Ikiwa bingwa wa Olimpiki alipatwa na msiba huo, kijana anayeanza atajidai nini?

Basi, mtu akipigwa akaona kizunguzungu, akaumwa kichwa au akasahau mambo, mazoezi na yakome siku hiyo hiyo, wala asirudi ulingoni mpaka daktari amruhusu. Kukubali kupumzika si woga. Na mwalimu anayewaachia wanafunzi wake wapigane kwa hasira hafundishi ngumi, bali anafundisha ugomvi.

Kijana aliyejifunza vema hutambulikana kwa dalili moja: baada ya mazoezi, yeye na mwenzake huenda nyumbani wote wawili wakiwa wazima, na kesho yake huamkia kazini.