Simba Nyuma, Bahari Mbele: Saadani Si ya Wazungu Peke Yao!

MKAZI wa Dar akisikia neno mapumziko, akili yake inakimbilia Kunduchi, Kigamboni au, akijitutumua sana, Bagamoyo. Anakula mishikaki, anapigwa upepo, jioni anarudi kukaa kwenye foleni Tegeta. Ukimtajia mbuga ya wanyama anakukata kauli: "Aa, hizo za Wazungu bwana, mpaka Serengeti!"

Kumbe pori lenye simba, tembo na twiga tunalo hapa hapa, kati ya Pwani na Tanga. Shika barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64 za lami. Pale Msata unakutana na barabara kuu ya Chalinze–Segera, kata kulia kama unakwenda Tanga. Mto Wami utauvuka kwenye daraja jipya lililoanza kutumika 2022. Lile jembamba la zamani, la mwaka 1959, lililokuwa likiwatoa madereva kijasho, sasa limepumzika. Ukifika Mandera, iage lami. Kata kulia tena, pita Miono, umeze vumbi kama kilometa 60, mpaka harufu ya bahari ikupige puani. Hapo umefika Saadani.

Saadani ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ina kilometa za mraba zipatazo 1,100. Upande wa Mkwaja, ambako leo twiga wanatanua, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe. Mbung'o waliwasumbua ng'ombe wale miaka nenda rudi, mpaka ranchi ikafungwa mwaka 2000.

Usiku hakuna uzio

Raha ya Saadani ni kulala huko huko. Asubuhi unawatazama ngiri na kuro nyikani, mchana unapanda boti Mto Wami kuwaona viboko, mamba na mbega juu ya miti, jioni unaosha vumbi baharini. Mpenda kutanua atasema nini tena?

Lakini usiku ukiingia, mambo yanabadilika. Hakuna ukuta wala uzio kati yako na wenye pori. Hakuna muziki wa baa ya jirani. Unasikia mawimbi, halafu kitu kinavunja matawi nyuma ya hema. Hapo hata kibosile mwenye simu tatu anakumbuka sala za utotoni! Ukiambiwa usitoke bila kusindikizwa, tii. Kujifanya shujaa mbele ya mchumba kuna mahali pake, si hapa.

Na tochi nayo izime ufukweni. Madete, ndani ya hifadhi, ni moja ya fukwe chache za Tanzania Bara ambako kasa wa kijani hutaga. Mama anapanda usiku, anachimba shimo, anafukia mayai zaidi ya 100, kisha anarudi zake majini. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka na kukimbilia kwenye mwanga, maana kwa kawaida upeo wa bahari ndio unaong'aa usiku. Wakiona taa yako wanapotea njia, na asubuhi wanakuwa kitoweo cha kaa na ndege.

Wenyeji je?

Usidhani pale ni pori tupu. Kijiji cha Saadani kilikuwapo kabla hata Mdachi hajafika. Karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, ikigombea wateja na Bagamoyo. Hapo ndipo Bwana Heri bin Juma alipowagomea Wajerumani, na mwaka 1889 manowari zao zikaupiga mji mizinga. Wajukuu wa mji huo leo wanavua kamba, wale wale unaopakuliwa sahani nzima na wali wa nazi.

Lakini kuishi jirani na hifadhi si lelemama. Tembo hajui mpaka wa shamba. Na kuhusu mpaka wenyewe, watu wa kitongoji cha Uvinje wamevutana na hifadhi kwa miaka mingi: wao wanasema ni ardhi ya mababu, hifadhi inasema ni yake. Mgeni anayelala usiku mbili ufukweni anaona mandhari. Mwenyeji anaona uga aliozikwa babu yake. Basi ukienda, nunua samaki kijijini, chukua kijana wa pale akutembeze kwenye magofu. Angalau hela yako nayo ilale Saadani.

Kabla hujapanda gari

Kwanza, usiende masika, Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa kule ukilowa unashika gari kama gundi. Nenda Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari.

Pili, gari liwe la kupanda juu. Kile kigari chako cha kwendea harusini kiache nyumbani.

Tatu, usivae nguo nyeusi wala za bluu. Mbung'o wanazipenda kuliko unavyozipenda wewe. Chandarua ni lazima, malaria haina likizo.

Nne, beba kitambulisho cha Taifa. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo mno ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola. Ila malipo ni kwa kadi au simu, usiende na bulungutu la noti getini.

Tano, mfuko ukiwa mwembamba, kambi za kifahari za ufukweni waachie wenyewe. Hifadhi ina mabanda na viwanja vya kupiga hema. Simba anayenguruma ni yule yule.

Na ufanye haraka. Mradi wa barabara ya lami kutoka Tanga hadi Bagamoyo, kupitia Pangani na Saadani, umeshaanza. Lami ikifika, mwenye kijiji atapata soko na hospitali ya karibu, hilo ni jema. Lakini wewe unayetafuta kimya, utakuta foleni ya Tegeta imekufuata mpaka huko!