Udalali wa mtandaoni: Umati mkubwa si lazima ulete faida

KILA mwaka ifikapo Juni, watu humiminika Bujora, jirani na Kisesa wilayani Magu, umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza, kushuhudia ngoma za Bulabo. Makundi mawili ya jadi ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana viongozi wa ngoma wamesifika tangu zamani kwa mavazi, vituko, nyoka na hata dawa za kuvuta watu.

Kituo cha Bujora kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, lakini ushindani wenyewe ni wa kale zaidi, kwani makundi hayo hujinasibisha na waasisi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha.

Wanaofanya biashara ya matangazo kwenye intaneti hutumia kanuni inayokaribiana sana na hiyo. Matangazo mawili huwekwa mbele ya watu wa aina moja, kwa wakati mmoja, kisha huangaliwa ni lipi linashinda. Tofauti ipo moja tu, nayo ndiyo inayowatia wengi hasara: Bujora umati ndio ushindi wenyewe, ilhali kwenye intaneti umati hulipiwa.

Biashara inayozungumzwa hapa ni udalali wa mtandaoni. Kariakoo jijini Dar es Salaam anayefanya kazi kama hiyo huitwa winga: hana duka wala bidhaa, bali humfikisha mteja kwenye duka la mwingine naye akapata chake. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1996, ikimpa kila dalali kiungo chake ili mnunuzi akipitia hapo, kamisheni ijulikane ni ya nani. Mpango wa kweli humlipa dalali baada ya mauzo. Ule unaomtaka alipe kwanza ada ya kiingilio una kila dalili ya upatu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kisesa anayetangaza taa za sola za kuvulia dagaa kwa niaba ya duka moja la mjini. Tuseme duka linampa kamisheni ya Sh4,000 kwa kila taa inayouzwa, naye analipia matangazo kwa wastani wa Sh100 kila mtu anapobofya. Kabla ya kuandika neno lolote la kusifia taa, kijana huyo anapaswa kugawanya 4,000 kwa 100. Jibu ni 40. Maana yake ni kwamba katika kila watu 40 wanaobofya, lazima angalau mmoja anunue, la sivyo anakula mtaji.

Sasa anatengeneza matangazo mawili. La kwanza lina picha ya kuvutia na maneno “Taa ya maajabu”, bila bei. La pili lina picha ya mtumbwi usiku, bei kamili ya taa na idadi ya saa inazowaka. La kwanza linabofywa mara 500, linagharimu Sh50,000 na kuuza taa 10, yaani kamisheni ya Sh40,000. La pili linabofywa mara 400, linagharimu Sh40,000 na kuuza taa 14, yaani Sh56,000. Kwa hesabu ya Bujora, la kwanza limeshinda. Kwa hesabu ya mfuko, la kwanza limepoteza Sh10,000 na la pili limeingiza faida ya Sh16,000. Bei iliyotajwa wazi iliwafukuza waliokuja kushangaa tu, na kila aliyefukuzwa alimwokolea mtangazaji Sh100.

Kosa jingine ni la wakati, nalo wakazi wa kando ya ziwa wanaweza kulielewa haraka kuliko mtaalamu wa mbali. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa taa haiwavuti vizuri mwezi unapong’aa, hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika. Anayetoa tangazo la kwanza wiki ya giza na la pili wiki ya mbalamwezi, kisha akalinganisha mauzo, atakuwa amepima mwezi, wala si tangazo. Vivyo hivyo kwa msimu wa pamba, ambapo fedha huonekana vijijini kwa miezi michache kisha zikapotea. Matangazo yanayoshindanishwa sharti yatoke pamoja.

Watafiti wa kilimo walikwishaliona jambo hilo zamani. Katika kituo cha Ukiriguru wilayani Misungwi, kulikotoka mbegu ya pamba ya UK 91, mbegu mbili hazilinganishwi kwa kupandwa moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Hupandwa msimu mmoja, katika vipande vya shamba vilivyo jirani, ili mvua iliyonyesha kwa hii iwe imenyesha kwa ile pia.

Kwenye Facebook na Google mna chombo cha kugawa watazamaji kwa bahati nasibu, nusu waone tangazo hili na nusu lile. Wengi hawakitumii, huweka matangazo mawili katika fungu moja na kuiachia mitambo. Mitambo nayo mara nyingi hupeleka fedha mapema kwa tangazo inalodhani litafanya vizuri, na lile jingine halipati nafasi ya kujitetea.

Kisha lipo suala la bahati, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Je, taa 14 dhidi ya 10 ni ushindi wa kweli? Bado. Tofauti ya ukubwa huo, kwa idadi hiyo ya waliobofya, inaweza kutokea kwa nasibu tu, kama sarafu inayoangukia upande mmoja mara kadhaa mfululizo. Ili kutofautisha kwa uhakika wa kuridhisha kati ya wanunuzi asilimia 2 na asilimia 3.5, kanuni za takwimu zinadai watu takriban 1,900 wabofye kila upande. Kwa Sh100 kila mmoja, jaribio zima litagharimu karibu Sh380,000, kiasi ambacho kwa kijana wa Kisesa ni mtaji wenyewe.

Lakini tofauti ikiwa kubwa, tuseme asilimia 1 dhidi ya 4, watu wapatao 420 kila upande wanatosha, na gharama inashuka hadi Sh84,000. Hivyo mwenye mtaji mdogo hana sababu ya kupima kama kitufe kiwe chekundu au kijani. Google iliripotiwa mwaka 2009 kupima aina 41 za rangi ya bluu, lakini Google ina mamilioni ya watu wa kuwagawa. Dalali mdogo apime mambo mazito: bei kutajwa au kutotajwa, mvuvi au mwenye duka, taa moja au jozi. Aidha, abadili jambo moja kwa wakati, na idadi ya kufikia aipange kabla ya kuanza. Anayechungulia kila saa na kusimamisha jaribio pale analolipenda linapoongoza, hajapima kitu.

Kwa mazingira ya hapa, kiungo peke yake hakitoshi. Wateja wengi huona tangazo, kisha hupiga simu au hufika dukani na kulipa kwa M-Pesa, na mauzo hayo hayaonekani kwenye mtandao. Dawa yake ni ya zamani kuliko intaneti. Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu matangazo ya kisayansi, alieleza jinsi kuponi zinavyoonyesha ni tangazo lipi lililomleta mnunuzi. Leo inatosha kila tangazo liwe na neno lake la kupatia punguzo, “ziwa” kwa hili na “dagaa” kwa lile, na mwenye duka akubali kuliandika kila linapotajwa.

Tangazo lililoshinda nalo huchoka. Wale wale wakiliona mara kwa mara hulipita bila kubofya, na gharama hupanda, hivyo la kulipinga sharti liandaliwe mapema. Na ikiwa matangazo matatu au manne yaliyopimwa kwa haki hayajafikisha mnunuzi mmoja kwa kila 40, kasoro huenda haiko kwenye tangazo. Bei ya taa ni kubwa, au duka linachelewa kupokea simu, au kamisheni ya Sh4,000 ni ndogo, na hapo mazungumzo yanayofuata ni kati ya dalali na mwenye duka.